Benchi la Wenye Hasira

Wengine walibeba milango. Wengine walibeba vyerehani, vinu na madirisha, na jirani yetu mmoja alibeba beseni kubwa la kuogea ambalo halikuwahi kuonja maji ya bomba tangu linunuliwe. Siku tulipofukuzwa Musonoi, kitongoji chetu cha wachimba shaba, kila mtu aliitazama nyumba yake mara ya mwisho akachagua kile ambacho hawezi kuishi bila hicho. Mzee Ngeleka, mzee wa kanisa letu na baba wa Josée mchumba wangu, aliingia kanisani akatoka na benchi.

Halikuwa benchi lolote tu. Lilikuwa benchi la nyuma. Katika kanisa letu, mtu aliyepigana, aliyelewa lutuku, ile pombe yetu kali, au aliyemtukana mwenzake hakufukuzwa. Alikalishwa kwenye benchi lile refu la mbao nyeusi, karibu na mlango, ili kila anayeingia amwone. Aliyekaa pale hashiriki meza ya Bwana, haimbi katika kwaya, haozi, haoi. Anakaa mpaka apitishe juma zima, Jumapili hata Jumapili, bila kurudia kosa lake. Akiteleza Ijumaa, anaanza upya.

"Tata Muzee," nilimwambia, "banatufukuza, na weye unabeba benchi?"

"Bakitufukuza, zambi zetu zitabaki Musonoi?" akanijibu. "Shika kule mbele."

Nikashika. Mtu anayetaka kuoa hashindani na baba wa msichana.

Mwaka ule wakubwa wa siasa walikuwa wameamua kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na kwamba sisi, ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, ni wageni tuliokaa mno. Mimi, Mianda, nimezaliwa Musonoi. Baba yangu amezaliwa Musonoi. Kasai niliijua kwa nyimbo za bibi tu. Kampani ya migodi ilikuwa imelala, mitambo imesimama kando ya mashimo kama ng'ombe wagonjwa, mishahara hakuna, na mtu mwenye njaa akiambiwa kwamba njaa yake ina sura ya jirani, anaamini upesi.

Tulilibeba benchi vijana wanne, Mzee Ngeleka akitangulia na redio yake kifuani. Kabla ya kufika mjini Kolwezi tulikuta gogo limelazwa barabarani na vijana wa chama wamesimama nyuma yake. Mkubwa wao aliitwa Dodo. Alikuwa na kofia, filimbi, rungu, na suruali ya Pasta Kabasele.

Suruali ile tuliijua wote. Ilikuwa ya rangi ya kahawa na mistari myeupe, na tulikuwa tumeitazama kila Jumapili kwa miaka. Pasta wetu ni mtu mwembamba. Dodo hakuwa mtu mwembamba.

"Angalieni!" Dodo alipiga kelele. "Bilulu banahama na benchi! Tangu lini mududu anakala pa benchi?"

Wenzake wakacheka. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa Ngoy, aliyekuwa akiimba sauti ya nne katika kwaya yetu kabla ya mambo haya. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Mianda," Mzee Ngeleka alinong'ona bila kugeuka, "vumilia."

Nieleze hapa kwamba mimi ni mtunzi. Hakuna aliyenifundisha, vina na mizani nimejifundisha mwenyewe, nikihesabu silabi kwa vidole huku wenzangu wakicheza mpira. Mtu kama mimi akitukanwa kwa lugha mbaya anaumia mara mbili. Nililitua benchi polepole, nikajinyoosha, nikamwambia Dodo hivi:

Kofia yako ni kubwa, kichwa chake nakingoja,
Filimbi yako yalia, shavu karibu kuvuja,
Waniita mi mdudu, nami nina swali moja:
Suruali ya pasta, wewe umeipataje?

Mstari wa mwisho niliuacha bila kina kwa makusudi, ili umpige kama kofi asilolitazamia. Wanaojua ushairi watanielewa. Dodo hakujua ushairi. Kofi lisilotazamiwa nililipata mimi, na rungu juu yake, na wenzangu watatu wakapata fungu lao ingawa hawakuwa wametunga hata silabi moja. Walitaka na benchi walipasue. Mzee Ngeleka akapiga magoti barabarani, akaomba, akatoa redio yake, ile aliyosikilizia ibada kila asubuhi. Dodo akaipokea, akaiwasha, akasikia wimbo wa dini, akaizima.

"Pitisheni benchi yenu," akasema.

Ndivyo tulivyofika stesheni ya Kolwezi, mimi na jicho moja limefumba.

Stesheni ilikuwa imejaa watu mpaka kando ya reli. Familia zilikuwa zimejenga vibanda vya mashuka na mabati, zikingoja treni ya kwenda Kasai, ambayo ilikuja ilipotaka. Alasiri ile ile baraza la wazee wa kanisa liliketi juu ya reli, na mimi nikasimamishwa mbele yao.

"Sikukosea," nilisema. "Kila neno lilikuwa kweli."

"Hatukuulizi kama lilikuwa kweli," alisema Pasta Kabasele. Alikuwa amevaa joho lake jeusi, na chini ya joho kikwembe, kitenge cha kujifunga cha mke wake. "Suruali ni yangu, naijua. Tunakuuliza kama ulijizuia."

Nikawaonyesha jicho langu lililofumba.

"Benchi ni lako," alisema Mzee Ngeleka.

Basi nikawa mtu wa kwanza kukaa kwenye benchi la nyuma katika kanisa lisilo na nyuma wala mbele. Lakini ubaya wa jambo haukuwa hapo. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kuondoka na treni iliyotangulia. Mimi nilibaki kwa ajili ya Josée. Mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa, Pasta alikuwa tayari kutuoza pale pale stesheni. Bila ndoa, ningepakiwa katika vago za wazi, mabehewa yasiyo na paa, pamoja na wanaume wasio na wake, mpaka Kananga. Josée angepanda vago ya familia pamoja na baba yake na kushuka Mwene-Ditu. Na siku zile, watu waliotengana kwenye reli hawakujua watakutana wapi tena. Na mtu wa benchi haoi.

Juma moja tu bila hasira. Nilifikiri ni kazi ndogo.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Mzee Ngeleka hakulifikiria. Ilikuwa majira ya mvua. Ardhi ya stesheni ilikuwa tope. Watu walikaa juu ya mawe, juu ya mabunda, juu ya visigino vyao. Katika stesheni nzima kulikuwa na kiti kimoja tu kizuri, kikavu, kirefu, chenye mahali pa kuegemeza mgongo, nacho kilikuwa cha wenye dhambi.

Mama Adolphine ndiye aliyeligundua kwanza. Alikuwa mjane mnene mwenye magoti mabovu, na alinitazama nilivyokaa kama mtu anayetazama sahani ya nyama. Kesho yake akaja mbele ya baraza.

"Nimekasirikia muke wa mutoto wangu," alisema.

"Mama, mke wa mtoto wako yuko Likasi," alisema Pasta.

"Namukasirikia toka mbali."

Wazee wakatazamana. Kosa ni kosa. Mama Adolphine akaja akakaa, akashusha pumzi ndefu, akanyoosha miguu. "Ee Bwana," alisema, "nisamehe, lakini si upesi."

Aliyemfuata ni Tata Tharcisse, karani wa zamani wa kampani, mtu wa miwani na kalamu mfukoni. Yeye alikiri kwamba ameikasirikia kampani kwa kutomlipa.

"Kama hiyo ni zambi," alisema Mzee Ngeleka, "stesheni nzima ikae pale."

Hakupaswa kusema hivyo. Kabla ya jua kutua, benchi lilikuwa limejaa mpaka ncha zake. Wakristo wema, watu wa sala, walikuwa wakikumbuka hasira za tangu utoto. Juma lao lilipokaribia kwisha waligundua hasira nyingine. Mimi, mwenye kosa halisi, mwenye jicho la kuthibitisha, nilisukumwa mpaka nikakalia nusu ya tako.

Mzee Ngeleka peke yake hakukubali. Alikuwa na nyonga mbaya, lakini alisema hajakasirika tangu abatizwe. Alikaa katika tope juu ya sufuria aliyoilaza kifudifudi, na kila alipoinuka sufuria iliinuka naye kidogo kabla ya kuanguka, ting! Kwa mlio ule tulijua kwamba anakuja kutukagua.

Juma langu la kwanza lilivunjika Jumatano. Tata Tharcisse alifuta miwani yake, akaniambia kwa upole:

"Mianda, lile shairi lako. Zuri. Lakini ule mstari wa mwisho hauna kina."

"Niliuacha makusudi, tata."

"Aa. Nilizani ulishindwa."

Nilichomjibu sitakiandika hapa. Kilikuwa na vina vyote. Nikasikia ting! nyuma yangu, na nikaanza upya.

Juma la pili nilifika Ijumaa. Watoto wa stesheni walikuwa wamelishika shairi langu na kulifanya wimbo wa kuruka kamba, jambo ambalo lingenipa heshima, ila waliimba "kichwa chake nakionja" badala ya "nakingoja". Mtu gani anaonja kichwa? Niliwaomba warekebishe. Wakaimba kwa nguvu zaidi. Niliwakimbiza mpaka kwenye tangi la maji, nikirusha kiatu. Kiatu kilipotua, kilitua karibu na sufuria.

Ting!

Jumapili ile habari zikafika: treni iko Tenke, inangoja mafuta. Ikiyapata, itakuwa kwetu siku yoyote. Watu wakaanza kufunga mabunda. Josée alikuja akasimama mbele ya benchi, mikono kiunoni. Josée si mrefu, lakini akisimama hivyo wewe ndiye unayepungua.

"Mianda, unanipenda?"

"Nimekutungia beti..."

"Sikuuliza beti. Nauliza mudomo wako. Treni ikifika na weye uko pa benchi, mi napanda na baba. Utanitungia beti kule Kananga, na mi nitazisikia wapi? Redio ya baba umeiuza kwa mistari mine."

Watu wa benchi wakasema "Mmm!" kwa pamoja, kama kwaya.

"Josée, wananichokoza," nilisema.

"Bakuchokoze. Kasirani itakuja, mi sisemi isikuje. Lakini ikikuja, usifungue mudomo. Fungua mikono." Akaniwekea mbele kinu na mchi, na beseni la majani ya muhogo. "Twanga."

Sombe! Mwanaume, mtunzi, kutwanga sombe mbele ya stesheni nzima! Hasira ilinipanda pale pale, na kwa kuwa ilinipanda, nikashika mchi nikatwanga. Nikagundua jambo. Ubeti uliokuwa ukija mdomoni ulishuka mkononi. Nane na nane, nane na nane, kila silabi na pigo lake. Nilipomaliza ubeti, hasira ilikuwa imekwisha na sombe la Josée lilikuwa laini kuliko sombe lolote lililopata kupikwa kando ya reli.

Ilikuwa bahati mbaya kwamba Mama Adolphine alilionja.

Kesho yake aliteremka kutoka kwenye benchi kwa hiari yake, jambo lisilopata kutokea, akaweka miguuni pangu beseni lililojaa majani.

"Mianda, mwanangu," alisema kwa sauti ya asali, "zile beti ulisoma pa arusi ya Fidélie. Batu balilala."

Nilimtazama. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikatwanga.

"Aksanti," alisema, akachukua beseni lake.

Habari zikaenea. Siku iliyofuata walikuja watatu, na baada ya hapo nilikuta msululu wa mama umepanga foleni, kila mmoja na beseni na tusi lake tayari. Wengine walikuwa na kipaji. Mmoja aliniambia kwamba natembea kama mtu aliyeazima miguu, na hilo lilinitosha kwa mabeseni mawili. Wengine hawakuwa nacho.

"Mianda... euh... masikio yako."

"Masikio yangu yana nini, mama?"

"Sijui, mwanangu. Majani ni kidogo tu."

Nilimtwangia huyo pia, kwa kuwa nilimkasirikia kwa kutojitayarisha. Tata Tharcisse alikaa karibu akihesabu mapigo yangu na kusema, "Tisa. Umezidisha moja." Mikono yangu ilitoka malengelenge. Wanaume waliopita waliniita Mama Mianda. Nilitwanga. Mchana wa Alhamisi nilisikia ting!, nikainua uso, na Mzee Ngeleka alikuwa amesimama akinitazama. Sharubu zake zilicheza, na mtu wa nyonga mbaya hachezeshi sharubu bure.

Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Jumapili asubuhi tulikusanyika kwa ibada kati ya reli mbili, Josée amevaa gauni lake la arusi chini ya kitambaa cha plastiki kwa ajili ya mvua. Pasta alihubiri juu ya matunda ya Roho, akatumia muda mrefu kwenye uvumilivu na muda mfupi kwenye furaha. Kisha akafungua mdomo kuniita nitoke kwenye benchi.

Treni ikalia upande wa Tenke.

Hakuna ibada inayoshinda sauti ile. Watu walisimama, wakashika watoto, sufuria, milango. Mama Adolphine alishika benchi. Treni ikaingia polepole, vago baada ya vago, na vijana wa chama wakashuka kusimamia upakiaji. Mbele yao, filimbi mdomoni, alikuwa Dodo. Bado alikuwa na suruali ile. Nadhani alikuwa amenenepa.

Alitembea kati yetu akionyesha kwa rungu: hiki kipakiwe, hiki kibaki. Akafika kwenye benchi.

"Hii haipande. Mbao ya Katanga inabaki Katanga." Kisha akaniona, akatabasamu. "Eh, mutunzi! Leo hauna beti?"

Niliuhisi ubeti ukija. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Ulikuwa na vina vya kati na vya mwisho, na mama yake Dodo alikuwamo. Nilimtazama Josée. Hakunionyesha ishara yoyote, alisimama tu na plastiki yake, akingoja kujua ataishi wapi na nani.

Nikashika mchi. Kinu kilikuwa kitupu. Mama Adolphine akakiona, akaingiza mkono katika bunda lake, akamwaga majani aliyokuwa ameyafunga kwa safari, hayajaoshwa hata. Nikatwanga.

"Anafanya nini huyu?" aliuliza Dodo.

"Anasali," alisema Tata Tharcisse.

Dodo akanikaribia. Alipuliza filimbi ndani ya sikio langu. Nikatwanga. Aliniita kilulu, mdudu. Nikatwanga. Kisha alimwita mama yangu jina ambalo sitaliandika, mama yangu ambaye alikuwa mbali, sijui katika tope gani, na hapo nikapiga pigo moja ambalo halikuwa na mizani yoyote, na mchi ukavunjika.

Nikabaki nimesimama na nusu ya mchi mkononi, ncha yake kali kama mkuki. Dodo aliitazama. Mimi niliitazama. Kila mtu aliyekuwa pale alijua nusu ya mchi inaweza kufanya nini, na vijana wale wenye marungu wangefanya nini baada yake. Nikainama, nikaiweka chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Dodo alicheka, lakini alirudi nyuma hatua moja kwanza. Akaligeukia benchi. "Tutaipasua kuni," alisema, akalipiga teke.

Ting!

Mzee Ngeleka alikuwa amesimama. Sijawahi kuona nyonga mbaya ikisimama haraka namna ile. Aliinua kidole chake kirefu, na kwa sauti aliyokuwa akisomea Zaburi, sauti iliyofika mpaka kwenye vago ya mwisho, alisema:

Kofia yako ni kubwa, kichwa chake nakingoja,
Filimbi yako yalia, shavu karibu kuvuja,
Waniita mi mdudu, nami nina swali moja:
Suruali ya pasta, kwa nini inakuchuja?

Mtu mmoja alicheka, kicheko kinene cha sauti ya nne, na hakikutoka upande wetu. Kilitoka kwa Ngoy.

"Dodo," alisema Ngoy, machozi yakimtoka, "kweli inakuchuja, kama pombe ndani ya kitambaa."

Vijana wa chama wakacheka. Stesheni ikacheka. Macho ya Dodo yakawa mekundu, akainua rungu juu ya kichwa cha Mzee Ngeleka, juu kabisa, na suruali ya Pasta Kabasele, iliyokuwa imevumilia kuliko sisi sote, ikachoka. Ilichanika kuanzia nyuma mpaka karibu na goti, kwa mlio ambao hata dereva wa treni aliusikia. Dodo aliteremsha rungu haraka na kulishikilia mahali palipohitaji kufunikwa. Akaondoka kinyumenyume mpaka ofisi ya stesheni, na hatukumwona tena siku ile.

Ngoy alikuja akasimama mbele ya benchi. Alizipapasa mbao zake.

"Mi nilikala hapa Jumapili mbili," alisema polepole. "Juu ya lutuku. Munakumbuka?" Akawaambia wenzake, "Bebeni. Hii inapanda."

Lakini hawakuweza kulibeba, kwa sababu Mzee Ngeleka alikuwa amelikalia.

"Baba!" alisema Josée.

"Nimekasirika," alisema Mzee Ngeleka. Uso wake ulikuwa umepauka, na nyonga yake ilikuwa ikishuka katika mbao taratibu, kama mtu anayeingia katika maji ya moto. "Tena nilipokasirika nilifurahi. Makosa mawili. Sitoki hapa mpaka Jumapili ijayo."

"Na arusi yangu?"

Pasta Kabasele aliitazama treni, akanitazama mimi, akaitazama nusu ya mchi iliyolala chini. "Mianda yuko huru," alisema. "Nimemwona mwenyewe. Lakini aliye kwenye benchi hasimami mbele ya Bwana kumtoa binti."

"Basi sitasimama," alisema Mzee Ngeleka. "Nitamutoa nikiwa nimekaa. Kujeni huku."

Treni ikapiga mlio wa kwanza. Ngoy na wenzake watatu wakaliinua benchi na Mzee Ngeleka juu yake, wakambeba kati ya reli kama mfalme. Pasta alikimbia kando akisoma, joho limepandishwa, kikwembe cha maua kikionekana, mimi na Josée nyuma yake tumeshikana mikono. Neno "ndiyo" nililisema nikiruka bunda la mtu. Josée alilisema mguu mmoja ukiwa ndani ya vago. Wakati Pasta anatamka kwamba tumekuwa mke na mume, Ngoy alikuwa akilisukuma benchi mlangoni, na alipomaliza alibaki chini, mikono mitupu, akatuimbia sauti ya nne ya wimbo wa arusi peke yake, bila zile nyingine tatu. Aliimba mpaka tukaacha kumsikia. Milima ya udongo wa migodi ikapungua nyuma yetu.

Vago ilijaa hata watu hawakuwa na mahali pa kuanguka. Katikati lilisimama benchi. Mzee Ngeleka alikuwa amekaa juu yake, ameegemea, macho amefumba, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikupata kukiona hapo kabla.

"Ni benchi zuri," alisema kwa mshangao.

Mama Adolphine alikuwa ameshakiri kwa Pasta hasira juu ya majani yake yaliyomwagika. Tata Tharcisse alikuwa amekiri hasira juu ya Mama Adolphine.

"Mianda," Mzee Ngeleka aliniita bila kufumbua macho. "Ule mstari wa mwisho."

"Niliuacha makusudi, tata."

"Najua." Akaegemea zaidi. "Lakini sasa una kina."

Damu ilinipanda. Nilitafuta kinu, kilikuwa chini ya mabunda ya watu. Nilitafuta mchi, ulibaki Kolwezi. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya bila kifaa chochote mkononi: nilinyamaza. Nakiri tu kwamba kina kilikuwa kizuri. Sikulikiri hilo mbele yake.

Josée aliangalia miguu yangu, akaangalia yake, akaangalia nafasi ndogo iliyobaki kando ya baba yake.

"Pasta," alisema, "nimemukasirikia bwana yangu."

"Tayari?" aliuliza Pasta. "Kwa nini?"

"Nitakumbuka tukifika," alisema, akakaa.

Mimi nilisimama mpaka Tenke, na baada ya Tenke: mume wa mtu, Mkristo huru, bila kosa lolote, na magoti yakiniuma.